Safu ya Tatu ya Karani wa Kaisari

Kwamndolwa, Korogwe
Jumapili, jua linaelekea milimani

Mwanangu Yunisi,

Kwa heshima na taadhima, kwa niaba ya kaya hii na majirani wote waliopekuliwa bila hatia, natangaza kwamba kalamu ya mkuu wa kaya, iliyotoweka tangu Alhamisi, imepatikana. Imepatikana leo alasiri katika mfuko wa ndani wa koti la mkuu wa kaya mwenyewe, alimoitia kwa mkono wake ili isipotee. Mdogo wako Eliya, aliyeapa mara tatu kwamba hakuigusa, anaombwa radhi rasmi. Anataka radhi hiyo ije pamoja na andazi. Jambo hilo linashughulikiwa.

Basi ndiyo kalamu ninayoandikia. Nimeketi barazani. Wewe uko kwa mama mkubwa unasukwa, na nimjuavyo mama mkubwa, hutarudi mpaka akueleze habari za kila unywele. Mama yako yuko ndani anapiga pasi magauni yako na kuyagombeza makaa. Nina muda kidogo.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za chandarua, wala za kutoazima watu sufuria. Hayo mama yako ameyasema wiki nzima, na akisahau moja atakuja kulisema dirishani basi likiwa linaondoka. Mimi nina jambo moja. Kesho unakwenda Misima kuanza ualimu, na utakaa nyumbani kwa Mzee Bakari. Kabla hujalala chini ya paa la mtu yule, kuna neno inakupasa ulijue, ambalo yeye mwenyewe halijui hadi leo.

Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Juzi nilimwambia mama yako kwanza, maana hata yeye alikuwa hajui, miaka kumi hii yote tunalala kitanda kimoja. Akaendelea kukoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva. Kisha akasema, "Mwandikie. Wewe ukimwambia kwa mdomo utamchekesha, na mtoto ataondoka anacheka, hajui umemwambia nini."

Ananijua. Basi naandika.

Unakumbuka kabla ya Krismasi ulinijia na daftari jipya mkononi. Vijana wa kanisa mlikuwa mnaandaa Matembezi ya Bethlehemu, ukasema, "Baba, wazee wanasema kule kijijini wewe ndiye ulikuwa karani wa Kaisari, ukawavunja watu mbavu. Njoo ukae mezani tena." Nikasema mgongo unaniuma. Ukautazama mgongo. Asubuhi ile ile ulikuwa umeniona natoka shamba na gunia la mahindi begani, napiga mluzi. Ukaondoka umenuna. Karani akawa mwalimu wa kwaya, na nasikia hakumchekesha hata mbuzi.

Mgongo wangu ni mzima, mwanangu.

Kule kijijini ulikuwa na miaka tisa. Huenda unakumbuka punda na debe, na mengine yamekutoka. Acha nikurudishe.

Babu yako alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, nami nikazaliwa kambini, katikati ya mistari ya mkonge. Sikuwa na nguvu za kukata. Sikuwa na ng'ombe wala shamba la urithi, na sura yangu unaijua, umeirithi kidogo, pole. Nilichokuwa nacho ni mwandiko. Nyapara aliuona siku moja kwenye kibao, akanitoa juani akanipa kalamu, nikawa karani wa kuandika mafungu ya mkonge uliokatwa. Wageni wakija, aliwaonyesha kitabu changu kabla hajawaonyesha mashine. Mtu asiye na kitu akisifiwa kwa kitu kimoja, mwanangu, anakikumbatia kama mgonjwa anavyokumbatia blanketi. Nilikuwa hivyo. Ningeweza kukuandikia orodha ya wagonjwa wa kuhara, ukatamani kuitundika ukutani.

Mkonge ulipodorora na upande wetu wa shamba ukafungwa, tulipelekwa kijiji kipya upande wa Handeni, nyumba zimepangwa mistari miwili kando ya barabara. Nikafanywa karani wa kijiji. Watu wa kambini, wengi wao Wabena, tulikuwa mstari mmoja. Mstari wa pili walikuwa Wazigua waliotolewa kwenye vitongoji vyao wakaambiwa hapa ndipo kwenu sasa. Hatukupendana. Kisimani akina mama walipanga ndoo kwa makabila, na ndoo ya Mbena ikikaa mbele ya ndoo ya Mzigua, siku hiyo maji yalichotwa kwa maneno.

Mtu wa kwanza kuvuka barabara kuja upande wetu alikuwa Mzee Bakari. Alikuja na punda wake, akasimama mlangoni kwangu, akauliza, "Nasikia humu mna Mnyamwezi."

Nikasema, "Yupo."

"Hebu atoke nimwone. Nasikia babu zao walibeba mizigo ya watu mpaka shingo zikaingia kifuani." Nilipotoka akanikagua. "Kweli. Hii imeingia yote."

Nikamjibu kwamba Mzigua ndiye mtu pekee anayenunua punda kisha akambebea punda nyasi. Akacheka, akaketi, akaomba maji. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara, na utani ukishafunguka mlango haufungwi tena. Tangu siku ile hakukuwa na neno kati yangu na yule mtu lisilosemeka. Mtani hakasirikiwi, na neno la mtani halichukuliwi likapelekwa mbele. Hilo likariri, utaona kwa nini.

Mwinjilisti wetu alikuwa Tito, Msambaa wa milimani. Kanisa lenyewe lilikuwa nguzo sita na nia njema. Krismasi ilipokaribia, akasema hana paa, hana viti, na ana kijiji cha watu wasiosalimiana. Kwa hiyo Krismasi itafanyika nje, na haitatazamwa, itatembewa. Kila mtu atakayekuja, mkristo au mwislamu au asiye na lolote, ataingia Bethlehemu kwa miguu yake. Ataandikwa na karani wa Kaisari. Atafuatana na Yosefu na Mariamu kugonga milango, na milango hiyo itakuwa ya nyumba zetu hasa, mmoja upande huu na mmoja upande ule, na mwenye nyumba atawafukuza. Atapita kwa wachungaji, ambao watakuwa Wamasai wenyewe na mbuzi wao wenyewe. Mwisho atafika zizini. Akataka ifanyike mchana, kwa sababu mafuta ya taa hayakupatikana dukani na kichakani kulikuwa na fisi ambao hawakualikwa.

Mzee Bakari alitoa punda. Yosefu wetu, kijana wa Kibena, akamwogopa punda. Basi Mzee Bakari akamwambia mwinjilisti, "Isa bin Mariamu sisi tunamjua. Ila huyo seremala wenu, kitabuni kwetu hayumo. Niachie mimi niwe yeye, sitakuwa nimemkosea mtu." Mwinjilisti akafikiri, akaona hakuna kosa. Ndivyo Yosefu wa kijiji chetu alivyokuwa mzee wa Kizigua mwenye kofia ya kiua.

Wewe ulikuwa malaika. Ulisimama juu ya kichuguu na mfuniko wa debe uliosuguliwa kwa majivu, ili uakisi jua na kuwa nyota. Uliuakisi vizuri mno. Ulimpiga punda machoni, naye akaondoka na Mariamu moja kwa moja mpaka shamba la mihogo, kijiji kizima kikimkimbilia, Wabena na Wazigua na Wamasai, na Herode akiwa mbele ya wote maana alikuwa na miguu mirefu. Waliporudi wanahema, walikuwa wanashikana mabega. Mwinjilisti alisema baadaye kwamba mahubiri ya miaka miwili hayakufanya kilichofanywa na yule punda kwa dakika tano. Kuanzia hapo nikakuita Malaika wa Debe, na wewe ukawa unalia. Siku hizi unaringa.

Sasa meza yangu. Niliwekewa meza kando ya ukuta wa ghala, nikavaa shuka la mama yako na taji la majani. Mwinjilisti alikuwa ameniambia niulize mawili tu: jina lako nani, na kwenu wapi. Lakini mimi nilikuwa nimechora daftari kwa rula na wino mwekundu, na ukurasa ukabaki na nafasi upande wa kulia. Nafasi tupu kwenye ukurasa huniumiza. Nikaongeza safu ya tatu kutoka kichwani mwangu: Usiku huu unalala wapi? Niliona inafaa, kwa kuwa ndilo swali lenyewe la siku ile.

Watu waliipenda safu ile. Mmoja akasema analala kwa mke mdogo, mke mkubwa akiwa nyuma yake kwenye foleni. Wewe ulipofika na debe lako, nikakuuliza kama nilivyowauliza wengine, ukafikiri, ukasema, "Kwa Mzee Bakari, kwa punda." Nikaandika hivyo hivyo. Malaika. Mbinguni. Kwa punda wa Mzee Bakari.

Nyuma yako akaja yeye, kamshika punda kamba.

"Jina?"

"Yosefu."

"Kwenu wapi?"

"Nazareti ya Misima."

Watu wakacheka. "Na usiku huu, bwana seremala, unalala wapi?"

Akaniinamia, lakini hakushusha sauti. "Nyumba za wageni zimejaa, karani. Nalala kwa mama yangu, nyumba ya zamani, nyuma ya kilima. Kila usiku. Na wewe unajua. Andika."

Nilijua kweli. Mama yake, Bibi Mwanaidi, alikataa kuhama. Mumewe na watoto wake wanne walizikwa pale, na alisema hawezi kuwaacha bila mtu wa kuwasalimia asubuhi. Mzee Bakari alijenga nyumba kijijini kama alivyoamriwa, akapaka na chokaa, na kila jioni alimpanda punda akarudi kwa mama. Hakuwa peke yake. Wako wengine waliofanya vile. Kwenye rejista ya serikali niliwaandika wote kuwa wapo kijijini, mwenyekiti akijua, na kila mtu akajifanya haoni. Ile ndiyo ilikuwa heri yetu.

Lakini hii ilikuwa Bethlehemu, na aliyeuliza alikuwa mtani. Nikaandika. Na kwa kuwa mimi ni karani hasa, siyo wa mchezo, mbele ya jina Yosefu nikaweka mabano, na ndani ya mabano nikaandika Bakari. Wengine waliosema wanalala kule kwa zamani, nao nikawaandika hivyo hivyo, jina la mchezo na jina la kweli kwenye mabano. Ningeandika Yosefu tu, ingetosha. Nimeyatazama mabano yale usingizini kwa miaka kumi.

Siku ile ilikuwa siku njema kuliko zote nilizoishi kule. Mlango wa nyumba ya Kizigua uligongwa, mwenye nyumba akawafukuza kama alivyofundishwa, kisha akashindwa kuvumilia, akatoka nyuma yao na sahani ya viazi. Jioni akina mama walichota maji bila kupanga ndoo.

Baada ya Krismasi alikuja ofisa wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Jina lake silijui, na hata ningelijua nisingeliandika. Alikuja na lori kutoka njia panda ya Segera, na mgambo. Siku ya pili lori lilikwenda nyuma ya kilima. Waliwapakia watu na vyombo, kisha wakatia moto paa ili wasirudi. Bibi Mwanaidi aliletwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono mapajani, kama mtu anayepelekwa harusini asikotaka kwenda. Alishushwa mbele ya nyumba ya mwanawe yenye chokaa. Hakuingia. Alikaa kizingitini, akitazama kilima. Mvua zilipoanza tulimsogeza ndani, akajisogeza nje. Mahindi hayakufika magotini akafa.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo ulikuwa mdogo mno kuliona. Mzigua akifa, mtani ndiye mwenye kazi msibani. Mnyamwezi wa mle kijijini nilikuwa mimi. Walikuja kuniita. Nilivaa kanga ya marehemu, nikachukua fimbo yake, nikakaa kizingitini kama alivyokuwa akikaa, nikawagombeza waliokuja kuzika kwa sauti yake: viatu vyenu vinanichafulia ua, nani kawapa chumvi yangu. Niliingia kaburini nikalala, nikasema sitoki mpaka nipewe kuku. Ndivyo inavyofanywa. Watu walicheka mpaka wakalia, na Mzee Bakari alikuwa anacheka na machozi yakimtiririka, akisema, "Mtoeni Mnyamwezi huyo, ataniozea mle na mama yangu."

Nililala mle ndani natazama mbingu ya mstatili, na nilijua nimelala mahali pangu.

Jioni alikuja kwangu. Nilikuwa nimekwisha kusema kijijini kwamba ofisa alikuja ofisini nikiwa nimetoka, akapekua, akaliona daftari la Krismasi juu ya meza, akalichukua. Daftari limepotea, nilisema. Wameliiba. Kila mtu aliamini, maana kila mtu alikwisha kumwona yule ofisa. Mzee Bakari aliketi hapo mlangoni, akaniwekea mkono begani, akasema, "Sikia, mtani. Wanasema huli. Usijitese. Kitu cha kuibiwa hakina mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuambia uandike."

Alinifariji. Yeye, siku aliyozika mama yake, alivuka barabara kuja kunifariji mimi. Nami nikamwambia asante.

Miaka miwili mitatu baadaye mambo yalilegea, akarudi Misima, kule nyuma ya kilima, akajenga tena karibu na makaburi. Sisi tukaja Kwamndolwa. Kila mavuno anamtuma kondakta wa basi na gunia la mbaazi, na ujumbe wa matusi. Uliposikia umepangiwa shule ya Misima ulirukaruka. Mimi nilitoka nje. Wiki haikupita, kondakta akaleta neno: "Mtoto wa mtani wangu hapangi nyumba. Chumba kipo. Mwambie malaika punda alikufa lakini kuna mwingine."

Kwa hiyo ulichokisema mezani kwangu ukiwa na miaka tisa kimekuwa kweli. Kesho usiku unalala kwa Mzee Bakari.

Ningeweza kunyamaza. Nimekuwa hodari wa kunyamaza kwa maneno mengi. Watu wanadhani mtu anayechekesha hana kitu alichoficha. Ungekaa pale mwaka, miaka, angekupa maziwa ya kwanza ya asubuhi, angekuita mwanangu, na kila alichokupa kingekuwa kimetolewa na mtu asiyejua anamlisha nani. Hilo limenishinda. Naweza kuudanganya moyo wangu, nimeuzoea. Wewe siwezi kukufanya uwe sehemu ya uongo wangu ukiwa umelala.

Tena utakuwa na rejista. Mwalimu ana rejista kama karani. Watoto watakuambia mambo: baba amelala wapi, nyumbani wamekula nini, nani hayupo na kwa nini. Watakuambia kwa sababu wanakupenda. Sina la kukufundisha kuhusu rejista zaidi ya hili langu, na hili si la kufundishia. Nakusimulia tu. Siku moja atakuja mtu kutoka mbali, amevaa vizuri, atatazama kazi yako na kukunja pua, na wewe utatamani sana akuone wa maana. Mimi nilimtaka mtu anione wa maana kwa saa moja, mtu ambaye sikumwona tena maishani. Mwandiko wangu bado ni mzuri. Utazame. Ungekuwa mbaya, Bibi Mwanaidi angekufa pale alipotaka, kwa siku yake.

Sikupi barua ya kumpelekea Mzee Bakari. Si kazi yako kubeba mzigo wangu. Sisi Wanyamwezi ndio tuna sifa ya kubeba. Mama yako anajua kwamba kesho nakusindikiza mpaka stendi ya Korogwe tu. Nitapanda basi. Nimekwisha mwambia kondakta, naye kauliza kama naenda kufundisha. Nitashuka nawe Misima, nitamwambia Mzee Bakari mbele yako, bila utani, na kama atasema uondoke nitarudi nawe tukutafutie chumba kwingine. Kama atasema niondoke mimi, nitaondoka, na wewe ubaki. Nimejiahidi safari hii mara nyingi, kila mavuno, kila gunia la mbaazi. Sasa nimekuandikia, kwa hiyo kuna mtu anayejua. Nikianza kusema habari za mgongo kesho asubuhi, nionyeshe barua hii.

Sasa nikuambie ilivyokuwa hasa, kwa sababu hapo juu nimekupa ilivyosimuliwa.

Daftari halikuibiwa. Ofisini sikuwa nimetoka. Mwenyekiti ndiye alikuwa amekwenda Handeni, na ofisa alinikuta peke yangu. Aliomba rejista ya kijiji. Ilikuwa imeliwa na mchwa pembe moja na kulowa maji pembe nyingine, na majina nimeyakata na kuyarudisha kwa sababu ya kuwaficha watu, kwa hiyo ilikuwa chafu. Akaifunua kwa ncha ya kidole. Akawaambia mgambo, "Hiki ndicho mnaita karani? Mtoto wa darasa la pili anaandika vizuri kuliko huyu."

Mgambo wakacheka. Ni hilo tu. Hakunipiga wala hakunitisha. Hakuniuliza habari za mtu yeyote.

Nikasema, "Ndugu, naomba dakika moja." Nikatoka, nikaenda nyumbani, mama yako akiwa kisimani. Daftari la Krismasi lilikuwa sandukuni, limefungwa kwenye kitambaa. Nililifungua kitambaa. Nilirudi nalo barabara nzima, nyumba ishirini upande huu na ishirini upande ule, na Mzee Bakari alikuwa uani kwake anamsugua punda, akanipungia mkono. Nikampungia. Nilimwekea ofisa daftari mbele yake, nikalifungua mwenyewe kwenye ukurasa uliokuwa mzuri kuliko yote.

Akasema, "Sasa huu ni mwandiko." Sitakuficha: moyo wangu ulijaa.

Kisha kidole chake kikaanza kushuka kwenye safu ya tatu. Kikafika kwako. Akasoma kwa sauti, malaika, mbinguni, kwa punda wa Mzee Bakari, akainua macho. "Hii nini? Daftari zima ni mchezo?"

Mlango ulikuwa wazi hapo, mwanangu, mpana kama huu wa kwetu. Neno moja tu. Ndiyo, ndugu, ni mchezo wa Krismasi. Angelifunga, angecheka, angenirudishia. Lakini ningekuwa tena yule karani wa rejista chafu, mwenye kitabu cha kuchezea.

Nikasema, "Huo mstari mmoja ni mzaha wa mtoto wangu, ndugu. Mingine yote ni kweli. Mimi siandiki uongo."

Akashusha kidole mstari mmoja, kwa Yosefu, akauliza aliye kwenye mabano ni nani. Nikamwonyesha kwa kidole, dirishani.

Baba yako